Krismasi ya Kila Siku

Kuna harufu ya wali uliokaa muda mrefu juu ya moto mdogo ukingoja watu. Si harufu mbaya. Ni harufu ya kitu kilichokata tamaa lakini bado kina adabu. Siku hizi nakutana nayo kwenye semina, maana nimefika umri ambao mtu hulipwa posho kusikiliza mambo ambayo tayari anayajua. Mchana tunapanga foleni, watu wazima wenye vitambulisho shingoni, mhudumu anafunua yale masufuria mapana yanayowashiwa moto kwa chini, mvuke unapanda, nami naupita wali. Napakua kabeji. Wenzangu wanadhani napunguza mwili, na nawaacha waamini hivyo, ingawa ukinitazama kwa ubavu utaona ushahidi unanikataa.

Ukweli ni kwamba wali wangu wa maisha nilishaumaliza nikiwa darasa la nne, Mfaranyaki, Songea.

Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa wali ulikuwa nini kwetu wakati ule. Nyumbani tulikula ugali. Mchana ugali, jioni ugali, na asubuhi, kama ulibaki, ugali wa jana uliobanikwa kwenye makaa ukashushwa na chai. Wali ulikuja Krismasi, ukaja Pasaka, na ukaja siku mtoto wa nyumba alipopokea komunyo ya kwanza. Ulianza na vitunguu vikikaangwa, na harufu ile ilitufikia popote tulipokuwa, hata mtoni. Kaka yangu Deo aliwahi kumuuliza katekista kama mbinguni wanakula wali kila siku. Katekista akamjibu kwamba mbinguni hakuna njaa. Deo akarudi nyumbani amenuna. "Kumbe hawapiki," akaniambia.

Basi miaka ile ikaja ambapo maduka yalijaa ghafla. Sabuni ambayo zamani watu waliipangia foleni sasa ilipangwa yenyewe kwenye rafu, ya kila rangi, ikitungoja sisi. Sukari ikarudi, mafuta yakarudi, mitumba ikamwagwa chini sokoni kama mavuno. Kila kitu kilirudi mahali pake, isipokuwa Baba, ambaye alirudi nyumbani. Alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma ambalo jengo lake sasa ni ukumbi wa harusi. Walipunguzwa yeye na wenzake kwa mkupuo, na mimi nikadhani ni likizo. Miaka mingi baadaye, chuoni, niliandika insha ndefu juu ya ulegezaji wa biashara na kupunguzwa kwa wafanyakazi, nikapata alama nzuri sana. Baba hakuwemo humo ndani. Walikuwemo "wafanyakazi".

Mwanzoni kuwa na Baba nyumbani kulikuwa sherehe. Alitengeneza kiti kilichovunjika, akatengeneza mlango, akatengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Alitusimulia habari za vita vya Wangoni huku akitumia ufagio kama mkuki, tukapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Wenzangu shuleni walinionea wivu: baba zao walikuwa wa jioni tu, wangu alikuwa wa kutwa nzima. Kisha vitu vya kutengeneza vikaisha. Vita navyo vikaisha, vikaanza upya, na kwa mara ya tatu tukaanza kumrekebisha mahali alipokosea. Ikafika wakati tukirudi shule tunamkuta kizingitini, shati la kazini limefungwa vifungo vyote, na Deo ananinong'oneza, "Yupo." Hatukumchukia. Tulikuwa tumemzoea tu, na nadhani na yeye alikuwa amejizoea, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mama ndiye aliyeamua kufungua kibanda cha chakula stendi. Baba hakukataa, ila aliweka sharti, na sharti lile tulilisikia sote kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na kuta za kuficha maneno. Kama mvua za kwanza zingefika kabla kibanda hakijaweza kutulisha, tungefunga mizigo na kurudi kijijini kwake, upande wa Mbinga, tukalime. Shule ya kule ilikuwa mbali, na Mama alijua mtoto wa kike akitembea mwendo ule nini huwa kinafuata. Alisema, "Sawa, Baba Deo." Kesho yake akaanza kupigilia mabanzi.

Alipika wali. Halikuwa jambo la kufikiria. Chakula cha kuuza ni wali. Nani atoe pesa anunue ugali, kitu ambacho kila mtu anacho kwake? Alipika wali na maharage, wali na nyama, na siku za kwanza aliimba nyimbo za kwaya sauti ya pili, sufuria likiwa sauti ya kwanza. Nilikuwa napita pale baada ya shule kuosha sahani, na sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha kiasi kile mbele ya moshi. Madereva, makondakta na wauza mitumba walikaa kwenye benchi wakasifia. Mama alikuwa na jibu kwa kila sifa.

Kisha siku moja akarudi nyumbani na sufuria lenye wali uliobaki.

Naomba uifikirie siku hiyo kwa macho ya mtoto wa darasa la nne. Si Krismasi. Si Pasaka. Hakuna aliyepokea komunyo. Mama anaingia mlangoni siku ya kawaida kabisa, anafunua kitambaa, na pale ndani pana wali. Deo alisimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Tulikula mpaka tukakwangua ukoko. Kesho yake ukaja tena, na keshokutwa, na kila wiki sufuria lilirudi zito zaidi. Mimi nikafanya hesabu yangu nikapata jibu: tumekuwa matajiri. Ndani ya nyumba ya matajiri ndimo wali unamokuwa wa kila siku. Hilo lilikuwa wazi kama jua. Nikaanza kusimama kwa kujishaua uwanjani shuleni. "Jana mlikula nini?" niliwauliza wenzangu, nikijua. "Ugali." "Aa," nikajibu, kwa huruma. Nilijua pia kwamba hatutahamia Mbinga kamwe. Nani amewahi kuona matajiri wakihama? Jioni nikipiga magoti niliomba kitu kimoja tu, kwamba sufuria la Mama lirudi limejaa. Na Mungu, ambaye kwa mambo mengine niliyomwomba amekuwa mzito wa kusikia, hilo alilipokea mara moja.

Sikuona kwamba Mama alikuwa ameanza kuimba kwa vipande. Sikuona kwamba kila mwanamume aliyepunguzwa kazi Songea alikuwa na mke, na kila mke alikuwa na sufuria, na vibanda vya wali vilikuwa vimejipanga stendi bega kwa bega. Kibanda cha jirani kilikuwa cha Mama Zuhura, Myao wa Tunduru, mcheshi, ambaye wali wake aliutia nazi alizoagiza kwa watu wa mabasi ya pwani. Na yeye sufuria lake lilirudi nyumbani na kitu. Siku nyingine walibadilishana mabaki, kila mmoja akapeleka kwake wali wa mwenzake, ili watoto waonje tofauti.

Hatukuionja kwa muda mrefu. Sijui ni siku gani hasa wali uliacha kuwa Krismasi. Hakuna siku kama hiyo. Ni kama kucha: huioni ikikua, unashtukia imekukwaruza. Kwanza tuliacha kukwangua ukoko. Halafu tukaacha kugombea. Halafu nikagundua kwamba naweza kukaa mbele ya sahani ya wali na nyama nikiwa nafikiria hesabu za kugawanya. Kwenye nyumba ya jirani walikuwa wanasonga ugali, nasikia mwiko ukigonga, na harufu ya dagaa wa Nyasa inapita juu ya ukuta, nami mate yananijaa. Nilijionea aibu. Nilijiona kama wale Waisraeli jangwani waliochoka na mana, ambao katekista alitufundisha kuwacheka.

Aliyesema jambo lile kwa sauti alikuwa mtani.

Alikuwa dereva wa lori, Mhehe wa Iringa, mrefu, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Wahehe na sisi Wangoni tulipigana zamani, na malipo ya vita vile ni utani: mtani anaweza kukwambia lolote mbele ya watu, na ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Hata padre hana ruhusa ya namna hiyo. Kila alipofika stendi yetu alianza akiwa bado barabarani.

"Nyie Wangoni, panya wamekwisha porini ndiyo mkaanza kupika wali?"

"Wapo," Mama alimjibu. "Ila tukiwapika mbwa atakuja kuwanusa, na mbwa akija wewe utamla."

Benchi zima lilivunjika mbavu. Hiyo ilikuwa salamu yao, sisi tukisemwa kwa kula panya na wao kwa kula mbwa, na Mama aliipenda kuliko shikamoo za watu kumi.

Mchana mmoja nilikuwa pale nikiosha sahani chache, maana zilikuwa chache. Wingu lilikuwa limetanda upande wa milima ya Matogoro na upepo ulikuwa na harufu ya vumbi lililolowa mahali fulani mbali. Mama alikuwa analitazama wingu lile kama anavyotazamwa mgeni asiyealikwa. Mhehe akaja, akafunua sufuria.

"Leo nini?"

"Wali."

"Na juzi ilikuwa nini?"

"Wali, mtani. Kula au ondoka, unanizibia wateja."

Akageuka kushoto, akageuka kulia, akitafuta wateja aliowaziba. Kisha akavua ile kofia ya sufu, akaiweka kifuani. "Jamani!" akapaza sauti. "Njooni! Hapa pana msiba!" Akavua koti, akalifunika sufuria kama anavyofunikwa maiti, akakaa chini kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele, akaanza kulia kama watani wanavyolia kwenye matanga, kwa sauti ya kike na bila chozi hata moja. "Marehemu nilimjua mimi! Nilimkuta Makambako! Nikamkimbia, nikamkuta Njombe! Nikamkimbia, nikamkuta Madaba! Kila nikishuka kwenye gari yuko mlangoni ananingoja, amevaa mchuzi uleule! Leo amefia Songea, uwiii, nani atanisumbua tena!"

Vibanda vyote vilimwagika nje. Mama Zuhura alikuja na mwiko mkononi, akashika nguzo kwa kicheko. "Innalillahi! Mfiwa ni nani sasa, tumpe pole?"

"Mfiwa huyu hapa," Mhehe alisema, akimwonyesha Mama. "Na wewe jiandae, kwako naye anaumwa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nilisimama na sahani yenye povu, nikimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Aliutukana utajiri wetu. Nilimtazama Mama, nikimngoja amfukuze, lakini sheria ya utani ilikuwa imemshika. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, midomo imebanwa, akitafuta jibu.

"Haya, mtani," alisema mwisho, sauti imeshuka. "Mfiwa akupe nini, ule?"

Mhehe akaacha kulia. Alibaki amekaa chini lakini uso ulikuwa mwingine. "Ugali, dada yangu," alisema. "Mke wangu ananisongea ugali, na dagaa, na mboga ya majani. Nafika kwake mara moja kwa mwezi. Njia nzima mnanipa harusi. Nimechoka na harusi mimi."

Jioni ile Mama alipakua wali kama kawaida. Deo alichora mistari kwa kidole kwenye sahani yake.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujala tangu asubuhi?"

Deo alifikiri. "Nimeshiba wali," alisema.

Mama akamgeukia Baba. "Unasikia? Yule mtani hakuwa anatania."

"Unataka kufanya nini?"

"Kesho nasonga ugali."

Baba aliweka chini tonge lake. "Ugali wa kuuza, Mama Deo? Mtu atoke kwake akanunue ugali?"

"Wale pale stendi hawajatoka kwao. Wako safarini."

"Watu watasema tumeishiwa hata mchele."

"Kwani hatujaishiwa?"

Hilo nalikumbuka kwa sababu nilitaka kumsahihisha. Tumeishiwaje, na sufuria hilo hapo? Baba alitazama sufuria, akatazama juu ambako matone ya kwanza kabisa, machache, makubwa, yalikuwa yanagonga bati moja moja. Hakusema habari za Mbinga. Wala Mama hakusema. Walisikiliza mpaka yakakoma.

Kesho yake Mama alikwenda stendi na gunia dogo la unga, dagaa wa Nyasa, na fungu kubwa la likolo, kama tunavyoziita mboga za majani kwetu, lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mimi sikuwepo kumwona akiuza. Nilikuwa na mazoezi ya paredi shuleni. Nilichokiona ni jioni: Mama akiingia mlangoni, kitambaa begani, na sufuria likining'inia mkononi mwake, jepesi, likigonga goti lake kwa mlio wa kitu kitupu. Nilichungulia ndani. Hapakuwa na punje. Mama alikuwa anacheka, anamweleza Baba jinsi kondakta mmoja alivyolamba vidole na jinsi Mama Zuhura alivyokuja kuomba tonge la kuonja, nami nikakaa chini sakafuni nikaanza kulia.

"Konso, una nini?"

"Tumefilisika," nilisema.

Baba alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za ufagio. Alijaribu kunieleza. Sikuelewa. Mtoto hawezi kuelezwa kwamba sufuria lililojaa ni njaa na sufuria tupu ni shibe. Mimi mwenyewe nilikuja kukubali hesabu hiyo nikiwa na mshahara. Jumapili nilipiga magoti kanisani nikaomba kwa bidii kwamba wali urudi. Safari hii Mungu alinitazama, nadhani, akaona heri anyamaze.

Mvua zilikuja kweli, za kumwaga, na zikatukuta Mfaranyaki. Neno la Mbinga lilififia lenyewe, bila mtu kulifuta. Baba akaanza kuamka alfajiri, kubeba mahindi kwenda mashineni na kurudi na unga, mabega meupe. Shati la kazini aliligeuza la kubebea magunia. Vibanda vingine navyo vikaanza kusonga ugali, na bado wa Mama ulikwisha kabla ya wa wenzake. Hapo ndipo mtu anayesimulia vizuri angeshusha kalamu. Lakini mimi nilikuwepo hata baadaye.

Nilikuwepo kila siku baada ya shule, na siku zile zilifanana kama sahani. Ugali wa kuwalisha watu wa mabasi hausongwi kwa mkono mmoja. Mama alibana sufuria kwa vijiti viwili vilivyokanyagwa na miguu, akainama, akageuza mwiko mkubwa kama kasia, jasho likimdondoka kidevuni, akamaliza, akaanza jingine. Sikumbuki siku aliyoacha kuimba. Nakumbuka tu kwamba siku moja nilianza wimbo mwenyewe, sauti ya kwanza, nikiacha nafasi ya sauti ya pili, na nafasi ile ikabaki wazi mpaka nikaona haya nikanyamaza.

Hata utani ulichakaa. Mhehe aliendelea kuja, akila kwa furaha, na akianza akiwa bado barabarani.

"Nyie Wangoni, panya wamekwisha?"

"Wapo," Mama alijibu, bila kuinua kichwa.

Mhehe alisimama kidogo, kicheko kikiwa tayari usoni, akingoja habari za mbwa. Hazikuja. Akakaa, akanawa, akala haraka kuliko kawaida. Akiondoka aliniambia mimi, "Msaidie mama yako," kama mjomba, siyo kama mtani, na hilo lilinitisha kuliko ule msiba wake wote.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa tumekaa uani, Mama na mimi, tukichambua maharage ya kesho. Jua lilikuwa limepoa. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooka, na vidole vyake vilikuwa vinatoa mawe na yaliyooza bila yeye kutazama. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kukaa juu kuliko la kushoto. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba hatukufilisika. Nilikuwa na sare mpya iliyonikaa vizuri, na kesho yake nilikuwa na mtihani. Nilitaka kumfurahisha, nikamuuliza swali ambalo zamani alikuwa akilijibu kwa mbwembwe, akitaja mboga moja baada ya nyingine.

"Mama, kesho utapika nini?"

"Ugali."

"Na keshokutwa?"

"Ugali."

Nilifikiri kidogo. "Sasa siku ukichoka, je?"

Vidole vilisimama. Alinitazama kwa muda, siyo kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipokiweka kitu.

"Nilishachoka zamani, Konso," alisema. "Haya, sogeza ungo. Bado mengi."

Nikausogeza.